Zihindula, Tisini na Tatu kwa Mia

Benchi la Mama Kahawa zamani lilikuwa la kanisani, na ukikaa upande wake wa kushoto utaelewa upesi kwa nini kanisa liliamua kuachana nalo. Liko Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, kwenye kona ya njia ya kwenda bombani, mkabala na mashine ya kusaga mahindi ambayo ikianza kunguruma kila mtu hapo hulazimika kupayuka, hata mwenye siri. Alasiri, jua likishalegea, wanaume watatu hukaa hapo kunywa kahawa ya tangawizi na kutatua matatizo ya dunia nzima isipokuwa ya kwao. Wa kwanza ni Faustin, mchungaji wa kanisa la mabati mawili, anaitwa Pasta Mikro kwa sababu akishapewa kipaza sauti hakirudishi. Wa pili ni Junior, fundi simu, anaitwa Laptop: hatoki bila mfuko wa laptop, na ndani yake mna bisibisi, chaja na kipande cha sabuni, laptop yenyewe hamna. Wa tatu ni Bucumi, Mrundi, mwendesha kabaza, yaani baiskeli ya abiria. Yeye anaitwa Breki kwa sababu baiskeli yake haina. Mwenye kahawa anaitwa Mama Kahawa. Hana mtoto, lakini hapa mwanamke akishakuwa wa makamo lazima awe mama wa kitu fulani.

Jumatano hiyo kahawa ilikuwa chungu. Wote watatu waliionja na wote wakaendelea kunywa, maana walijua kwamba jana yake Mama Kahawa alikuwa Lilongwe. Kwa miaka tisa sasa amekuwa akiitwa kwenye ofisi moja ya City Centre inayotafuta watu waliopotezana vitani, na kila akirudi, kahawa ya kesho yake huwa hivyo. Anamtafuta mdogo wake, Dany Zihindula. Walikimbia Bukavu, mashariki ya Kongo, wakiwa wawili tu, yeye miaka kumi na saba, mtoto sita, wakafika Uvira. Hapo alimpandisha kwenye lori pamoja na majirani, akarudi mara moja kuchukua bidoni, dumu la maji, aliyoisahau ukutani, na aliporejea lori lilikuwa limeondoka. Sasa ni miaka ishirini na moja. Bidoni anayo bado, na ndiyo anayochotea maji ya kahawa.

— Mama Kahawa, tuambie basi, — alisema Pasta Mikro. — Kule ku biro balisema nini?

— Masini ilileta majina saba.

— Saba ni namba muzuri.

— Bote saba haiko yeye.

Breki alikizungusha kikombe chake mara mbili kabla ya kusema.

— Miye kuko kintu sielewe. Unaomba Zihindula mumoja, inakuletea saba. Ile ni masini, ao ni mwenye duka anakupatia chenye eko nacho?

Laptop alikohoa. Hili lilikuwa shamba lake. Aliwahi kusoma kompyuta miezi sita, na tangu siku hiyo hakuna swali la mashine lililopita kwenye benchi hilo bila kulipa ushuru kwake.

— Breki, sikia. Masini haiko mujinga. Inajua bantu ba biro banaandikaka mubaya. We unasema Zihindula, ule Mumalawi anasikia Zihindura. Mwengine ku Tanzania anaandika Sihindula. Donc masini inahesabu: ili hii jina ikuwe ile, tubadilishe herufi ngapi? Moja? Bon, ni karibu. Sita? Hapana, ule ni muntu mwengine.

— Ni kama spea, — alisema Breki. — Nikibadilisha cheni, baiskeli ingali yangu. Nikibadilisha magurudumu, ingali yangu kidogo. Nikibadilisha na fremu, polisi eko na haki ya kuniuliza.

— Voilà. Umeelewa kupita bale tulisoma nabo.

— Sasa mbona haimuone?

— Ngoja, kuko namna ya pili. Ya kwanza inaangalia, ya pili inasikia. Inatupa a, e, i, o, u zote inje. Kisha sauti zenye kufanana inazitia mu kitunga kimoja. L na r pamoja. S na z pamoja. Jina inabakia mifupa. Unaona, Zihindula na Suhendira mifupa yabo ni moja.

— Ni nani alifundisha masini kusikia? — aliuliza Pasta Mikro.

— Bazungu. Zamani sana, juu ya majina yabo.

— Basi inatusikia na masikio ya muzungu.

— Ku mwanzo, ndiyo. Sasa banaifundisha na ya kwetu, pole pole.

Mama Kahawa alikuwa akisuuza vikombe. Mambo ya vitunga na mifupa alishaelezwa na Nicole, mkalimani wa ile ofisi, binti wa Bukavu mwenye subira kuliko umri wake. Nicole alimgeuzia kioo cha kompyuta ili aone mwenyewe. Majina saba, kila moja na namba yake pembeni, na la juu kabisa lilikuwa na tisini na tatu. Aliitazama namba ile akaisoma mara ya pili, kwa maana katika miaka tisa hakuwahi kupewa zaidi ya themanini.

— Mi iko na woga na hii maneno ya mifupa, — alisema Pasta Mikro. — Mufikirie siku ya mwisho. Kule juu kuko kitabu, na jina yangu iko ndani, hapo sina mashaka. Lakini ku Bukavu niliacha Faustin mwengine, mutaa moja, quartier moja na mimi. Mulevi. Aliiba mabati ya kanisa, tena kanisa yenye alibatizwa. Kama na kule banatafuta na sauti, ule atapita na mulango yangu.

— Na we utapita na ya yake, — alisema Laptop.

— Njo kile kinanikosesha usingizi.

— Pasta, we uko na ba Faustin babili tu, — alisema Breki. — Miye niko batatu. Niliandikwa Bucumi. Kwengine balinitia Buchumi. Kwengine Vuchumi. Ule wa katikati njo alikuwa na bahati. Myaka mbili nyuma baliita jina yake, safari ya Canada. Nikaenda mbio, balisema tarehe ya kuzaliwa haiko yangu.

— Basi ni muntu mwengine.

— Ni miye, Pasta. Ni ule miye mwengine. Hii masini haitafute bantu, inabazaa. Bakikosea jina yako mara moja, kuko mwenzako anatokea fasi fulani. Wangu eko Canada sasa, amevaa koti, anakula mukate na siagi. Hata salamu hatume.

Laptop na Pasta walicheka hadi benchi likalalia kushoto. Breki mwenyewe hakucheka. Alikuwa akitazama upande wa barabara, na Mama Kahawa, ambaye anamfahamu zaidi ya anavyojionyesha, alimwongezea kahawa bila kuombwa.

— Mi ningetengeneza masini mupya kabisa, — alisema Laptop, akiona wenzake wamemtangulia kwa uongo. — Shida ni kutafuta na majina. Jina, muntu anabadilisha. Kikohozi, hapana. Unakohoa mu simu hapa, masini inazunguka kambi ya Nyarugusu kule Tanzania, inapita Zambia, inashuka mpaka Afrika Kusini, inasikiliza kila mwenye kukohoa. Mutoto na dada yake banakohoaka sawasawa. Hiyo ni sayansi.

— Na kama mudogo wake haiko mugonjwa? — aliuliza Breki.

— Tutangoja wakati ya baridi.

— Ya kwanza ilikuwa na tisini na tatu kwa mia, — alisema Mama Kahawa.

Hakuwa amepaza sauti, lakini mashine ya mahindi ilikuwa imezimwa, na kila mmoja alisikia.

— Zihindura Daniel. Eko Zambia. Myaka inafanana, Bukavu aliipitia. Nicole akanipatia simu. Nikamusalimia. Nikamuuliza mama yake alikuwa anauzisha nini. Akasema mama yake alikuwa mwalimu, ku Goma. Wetu alikuwa anauzisha ndizi. Nikajua.

— Ukakata simu, — alisema Breki.

— Hapana. Na yeye hakukata. Eko anatafuta dada yake, na yeye masini ilimuambia ni mimi. Tulikaa tu mu simu. Mi nilimusikia anapumua. Nafikiri na yeye alinisikia. Mpaka Nicole akasema, mama, kuko bengine banangoja.

Kitu kimoja hakuwaambia. Kabla ya kurudisha simu alimwambia mtu yule wa Zambia alale vizuri, na ilikuwa saa nne asubuhi. Neno lilimtoka lenyewe. Alirudi nyumbani akilionea aibu njia nzima, kisha usiku akagundua kwamba haikuwa aibu, ni kwamba alikuwa na neno hilo kinywani miaka yote hiyo bila mtu wa kumpa.

— Bon, — alisema Pasta Mikro taratibu. — Tutaendelea kuomba.

— Ombeni haraka. Nicole alisema mwisho ni Ijumaa. Kama sina kintu mupya ya kuongeza, dosie italala.

— Italala namna gani?

— Masini haitamutafuta tena. Atabakia mule ndani, lakini hakuna mwenye atamuita. Nilishabapatia yote. Jina ya baba, ya mama, ya quartier. Kovu ku goti. Sina kingine.

Hapo ndipo benchi lilipochangamka, maana watu wale wakiona huzuni hawajui kukaa nayo. Lazima waifanyie kazi. Laptop alichana boksi la sabuni, akachomoa kalamu nyuma ya sikio la Pasta, na wakaanza kumtengenezea Mama Kahawa majina. Zehindula. Zihendula. Zihindola. Jihindula, kama mwandishi alikuwa na mafua. Breki aliongeza Zihindurwa, kwa Warundi. Pasta alileta moja lenye herufi kumi na tatu, akadai alilisikia Fizi kwa masikio yake.

— Makumi ine, — alisema Laptop baada ya muda, akiinua boksi juu kama cheti. — Na hii, haiwezi kukosa. Tumefunga mitego kila njia.

— Zikomo, — alisema Mama Kahawa, asante ya Kichewa, kwa sababu hakujua aseme nini katika lugha yake mwenyewe. Alilipokea boksi, akasoma kutoka juu hadi chini. Alitaka kufurahi. Lakini kadiri alivyosoma ndivyo mtoto alivyozidi kwenda mbali, hadi kwenye jina la arobaini hapakuwa tena na mtoto, ni herufi tu. Upweke ulimshika pale pale, katikati ya watu watatu waliokuwa wanamtakia mema.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa amesimama pembeni na kikombe cha plastiki. Aliitwa Benedicte, alikuwa na siku tano tu Dzaleka, bado analala na wanawe kwenye nyumba ya wageni wapya. Aliomba kahawa kidogo. Breki alimwonya asikae kushoto, na yeye alikuwa ameshakaa.

— Bapapa, musinikasirikie, — alisema baada ya kunywa. — Nimesikia munaandika majina. Ni nani alipotea?

— Mudogo wa huyu mama, — alisema Pasta Mikro. — Dany Zihindula. Lori ilimubeba ku Uvira, vita ya zamani.

— Alikuwa mukubwa?

— Myaka sita.

Benedicte alifikiri. Alikuwa na sura ya mtu aliyechoka kuulizwa maswali, na kweli tangu afike alikuwa ameulizwa mengi.

— Juzi balituandikisha. Mutoto wangu wa kwanza iko na myaka tano. Ule bwana wa meza hakuniuliza mimi, alimuinamia mutoto mwenyewe: unaitwa nani? Mutoto akasema, Chouchou. Jina ya batizimu haijue, hakuna siku tulimuita nayo. Kama sikukuwa hapo, ule bwana angeandika Chouchou. — Alipanguza kinywa. — Sasa mi nauliza tu. Huyu wenu wa myaka sita, alikuwa bila ndugu mule mu lori. Siku balimuuliza jina, alijibu nani?

Pasta Mikro aliweka kikombe chini. Laptop alitazama boksi. Breki alitazama baiskeli yake. Kisha wote wakamtazama Mama Kahawa, wakingoja aseme Dany Zihindula wapumue.

Naye alitaka kusema hivyo. Alijaribu kumsikia mtoto akilitamka jina lile kwa sauti yake ya kukwaruza, akashindwa, kwa sababu mtoto hakuwahi kulitamka. Zihindula lilikuwa jina la babu, baba wa baba yao. Na kwao mke halitaji jina la baba mkwe wake, si jikoni, si sokoni, si hata mbele ya hakimu. Kwa hiyo siku mtoto alipopewa jina la mzee yule, mama alianza kumwita Muzee, na nyumba nzima ikafuata, halafu mtaa mzima, hadi muuza mandazi. Kale katoto kadogo, Muzee. Dany ni padri aliyeliandika, likabaki parokiani. Zihindula lilikuwa linangoja shule, na shule ilikuwa ianze Septemba ile ambayo hawakuiona wakiwa pamoja. Lakini mbele ya karatasi mtu husema jina la karatasi. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, kwamba jina la nyumbani halipelekwi ofisini kama vile nguo ya kulalia haivaliwi kanisani. Kwa miaka tisa alikuwa amekwenda City Centre na heshima zake zote, akaifundisha mashine namna zote za kulikosea jina ambalo mtoto mwenyewe hakulijua.

Ilimuuma hata akalazimika kuketi juu ya bidoni.

— Muzee, — alisema.

— Muzee gani? — aliuliza Laptop.

— Muzee tu. Njo vile tulimuita. Angesema Muzee.

— Na kama balimuuliza anatafuta nani? — aliuliza Benedicte.

— Kabibi. — Alijionyesha kifuani kwa kidole. — Mi nabeba jina ya bibi, Nsimire, iko ku kadi. Lakini kwetu hakuna mwenye aliitaja, na hiyo mama hakuweza, ni ya mama mukwe wake. Baliniita Kabibi.

Laptop alilichukua boksi, akaligeuza, kana kwamba nyuma yake palikuwa na msaada.

— Kutoka Zihindula mpaka Muzee, — alisema, na safari hii hakuwa anafundisha mtu, — hakuna masini inaweza kutembea hiyo njia. Hesabu herufi, hapana. Mifupa, hapana. Hata kama dosie yake iko kule ndani tangu zamani, Muzee anatafuta Kabibi, zingelala karibu karibu na zisijuane.

— Na mwenye kuisoma angefikiri ni baba fulani muzee, anatafuta bibi yake, — alisema Breki.

Siku nyingine wangecheka. Mashine ya mahindi ilianza tena kunguruma, wakangoja hadi gunia la kwanza likaisha.

— Lakini Mama, nikuambie ukweli, — alisema Laptop. — Ukiipatia masini Muzee, haitaleta saba. Kwetu kila nyumba kuko mutoto banaita Muzee. Na ba Kabibi, usiseme. Italeta bantu elfu.

— Balete.

— Elfu, Mama.

— Balete bote. Nitabasalimia mumoja mumoja. Nitabauliza mama yabo alikuwa anauzisha nini.

Alilichukua lile boksi mkononi mwa Laptop, akaomba kalamu, na chini ya majina arobaini akaandika majina mawili kwa herufi kubwa, polepole, kama mtu anayeandika kwa mara ya kwanza. Alilikunja akalitia kifuani. Alikuwa na hofu sasa, kuliko jana, kuliko siku zote za themanini na sabini na tano kwa mia. Zamani angeweza kusema mashine imeshindwa; sasa itakuwa imeulizwa jina lenyewe.

— Kesho saa kumi na mbili ya asubuhi niko hapa, — alisema Breki. — Nitakufikisha ku barabara kubwa.

— Na hiyo baiskeli bila breki? — aliuliza Pasta Mikro.

— Kwenda huko ni kupanda. Hatuna lazima nayo.

Benedicte alisimama, akashukuru kwa kahawa, akasema watoto wanamngoja. Hakuna aliyekumbuka kumuuliza jina. Jua lilikuwa limefika juu ya mabati ya kanisa, na njia ya bombani ilianza kujaa wanawake na ndoo zao. Pasta Mikro alinyoosha kikombe chake kama afanyavyo kila siku saa hiyo, kisha mkono ukasita hewani. Miaka tisa ameomba kahawa hapo, na sasa alikuwa hajui aombe vipi.

— Kabibi, — alisema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo, — kumebakia kidogo?

Mama Kahawa aliinamisha chupa ya chai juu ya kikombe, yakatoka matone mawili. Mtu wa mwisho kumwita hivyo alikuwa juu ya lori, miguu inaning'inia, anamwambia asikawie.

— Imeisha, — alisema Kabibi.